Mwongozo kamili: Kuandaa usiku wa wanagenzi wa kodiani usiokwama katikati

Kila msimu wa Idi na kila likizo ya Disemba napigiwa simu na viongozi wa vikundi wakiniuliza jambo lilelile: kwa nini usiku wao wa wanagenzi, yaani wanaojifunza kodiani, ile ala ya vitufe inayovaliwa kifuani na kuvutwa, unakwama. Wamekodi viti, wamealika wazee na majirani, bashraf ya kufungulia (muziki wa ala tupu) imepigwa vizuri, watu wametulia. Akifika mchezaji wa nne au wa tano, usiku unalegea. Watu wanaanza kuzungumza, watoto wanakimbia, na wachezaji wa mwisho wanapigia viti vitupu.

Nimewahi kusimamia usiku wa namna hiyo. Wachezaji walikuwa 14, kodiani 3, na kila mmoja tulimpa nyimbo 2. Ilipofika saa 5 usiku, wanne walikuwa hawajapiga hata sauti moja. Mmoja wao, mtoto wa miaka 11, alikuwa amelala kwenye mapaja ya bibi yake na kanzu mpya aliyoshonewa kwa ajili ya siku ile. Sijaisahau kanzu ile. Mara iliyofuata nilikaa pembeni na saa mkononi, nikaandika kila dakika inakwenda wapi. Wimbo ulichukua dakika 4. Kutoka mchezaji mmoja kuvua kodiani mpaka mwenzake kutoa sauti ya kwanza, zilipita dakika 6.

Makosa ya vidole hayauui usiku wa wanagenzi. Unauliwa na ule muda wa kubadilishana. Nimeandika nikifikiria vikundi vyetu vya taarab vya Unguja, ambako kodiani hukaa pamoja na udi, fidla, kanuni (ala ya nyuzi nyingi), na ngoma za dumbaki na rika. Mkiwa mnapiga mwomboko, ngoma ya Wakikuyu, kule Murang'a au Nyeri, kodiani na karing'aring'a (pete ya chuma inayogongwa) tu, hatua ni zilezile, ila ya nne mnaweza kuipita.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya yote

- Kodiani 2 nzima. Kikundi kikiwa na moja, azima ya pili. Bila ya pili, mwongozo huu hautakusaidia sana.
- Viti 2 visivyo na mikono, vigumu, vya kimo kimoja.
- Meza imara ya kuwekea kodiani nyuma ya jukwaa au nyuma ya pazia.
- Nyuzi za rangi tofauti, za kutia alama kwenye mikanda.
- Vitambaa 2 vikavu vya pamba, na plasta ya kitambaa ya hospitali.
- Vibanio vya nguo, kwa sababu upepo wa baharini hubeba karatasi za noti za muziki.
- Taa 2 za chaji, ziwe zimejaa.
- Saa kubwa ya ukutani anayoiona mshereheshaji.
- Watu 3 wasiopiga chochote usiku huo: mshereheshaji, mvishaji, na mtunza foleni.

Hao watu watatu ni muhimu kuliko spika. Mvishaji kazi yake ni kumvisha mchezaji kodiani na kumvua. Usimpe kazi nyingine, hata ya kugawa kahawa.

## Hatua ya 1: Hesabu dakika kabla hujatafuta ukumbi

Chukua wachezaji 10. Kila mmoja dakika 5 za kupiga na dakika 2 za kubadilishana: dakika 70. Ongeza bashraf ya kufungulia dakika 8, mapumziko ya kahawa na visheti dakika 15, na wimbo wa pamoja wa kufungia dakika 7. Jumla dakika 100.

Ukianza saa 2:30 usiku, watu wameshasali Isha na kula, na mnamaliza saa 4:10. Mtoto wa shule anaweza kuhimili hapo.

Wachezaji wakizidi 10, gawa usiku mara mbili. Usijaribu kubana dakika za kubadilishana ziwe moja, haziwezekani. Na usimwambie mtu "utapiga muda ukiruhusu". Hilo ni sawa na kumwambia hatapiga.

## Hatua ya 2: Mtu mmoja wimbo mmoja, na maqam inayowezekana

Kila mchezaji apige wimbo mmoja. Mwenye nyimbo mbili huugawa moyo wake mara mbili, na kwa kawaida huharibu ule anaoupenda.

Angalia maqam ya wimbo, yaani mpangilio wa sauti zake. Kodiani ya kawaida haina robo toni, zile sauti zilizo katikati ya vitufe viwili, kwa hiyo rast, bayati na sika hazitakaa sawa. Mafundi wa Misri hurekebisha ndimi za chuma za ndani ili kodiani itoe robo toni, ila kodiani nyingi za vikundi vyetu hazijafanyiwa hivyo. Mwanagenzi mpe wimbo wa ajam, nahawandi, hijazi au kurd. Maqam hizo zote zinapatikana kwenye vitufe vyeusi na vyeupe kama vilivyo.

Chagua wimbo ambao kiitikio chake ukumbi unakijua. Mpigaji akipotea katikati ya ubeti, watu watakiimba kiitikio na yeye ataingia nao. Nimewaona wengi wakiokoka kwa njia hiyo.

*Dalili kwamba umefaulu:* mchezaji anaweza kuanza kiitikio bila kuanza wimbo mwanzo.

## Hatua ya 3: Kagua kodiani wiki mbili kabla

Wiki mbili, kwa sababu fundi wa kodiani hapatikani kila mtaa.

Anza na mivukuto, ile sehemu ya mikunjo ya katikati inayosukuma hewa. Fungua vikanda vinavyoibana, shika upande wa vitufe juu, acha upande wa besi, ule wa mkono wa kushoto, uning'inie bila kubonyeza kitu. Mivukuto ikifunguka polepole sana, hewa haivuji. Ikishuka kwa kasi, kuna tundu. Pitisha shavu lako karibu na mikunjo huku mwenzako akisukuma, utausikia upepo. Tundu dogo kwenye pembe ya mkunjo huzibwa kwa plasta ya kitambaa mpaka fundi apatikane.

Kisha piga kila kitufe mara mbili: mara moja ukivuta, mara moja ukisukuma. Watu wengi huruka hapa. Ndani ya kodiani kila sauti ina ulimi wake wa chuma wa kuvuta na mwingine wa kusukuma. Kwa hiyo kitufe kinaweza kulia vizuri ukisukuma na kikawa kimya kabisa ukivuta. Mwanafunzi akifanya mazoezi nyumbani kwa kusukuma hatagundua, mpaka usiku wenyewe mbele ya watu.

Ulimi ulionyamaza mara nyingi umeshikwa na chembe ya vumbi. Bonyeza kitufe hicho, vuta na usukume kwa nguvu ya wastani mara kadhaa. Ukiendelea kunyamaza, mpelekee fundi, au badilisha mwelekeo wa mivukuto mahali hapo kwenye wimbo na uandike mshale kwenye karatasi.

Tahadhari. Batani ya besi iliyozama usiivute kwa koleo. Chini yake kuna fito nyembamba nyingi zilizopangana, na ukichomoa moja vibaya utavuruga safu nzima. Pia usiiache kodiani ndani ya gari juani. Ndimi zimeshikizwa kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu, na joto la gari lililofungwa hulainisha nta hiyo mpaka ndimi zikasogea au kudondoka. Ikishafika hapo, ni kazi ya fundi ya siku nyingi.

## Hatua ya 4: Wote wafuate kodiani

Kodiani haiwezi kusawazishwa ukumbini. Sauti yake imekatwa kwenye chuma. Udi, fidla na kanuni ndizo zinazoifuata, si kinyume chake.

Pima La ya kodiani, sauti ya kusawazishia ala, kwa programu ya simu. Nyingine husoma hezi 440, nyingine 442. Ukiwa na mbili zinazotofautiana hivyo, zikipiga La pamoja utasikia sauti ikitetema mara 2 kwa sekunde. Haina ubaya zikipiga kwa zamu, ila mwenye kanuni atalia, maana ana nyuzi zaidi ya 70 za kurekebisha. Nenda hivi: wachezaji wote wanaosindikizwa na kanuni wapewe kodiani moja. Kodiani ya pili isindikizwe na dumbaki na rika tu.

Mpigaji wa dumbaki awe mzoefu kuliko wote. Mwanagenzi akiwa na hofu huongeza mwendo bila kujijua, na dumbaki ndiyo inayomrudisha. Usimpe dumbaki kijana anayejifunza kwa sababu tu naye "ashiriki".

## Hatua ya 5: Panga foleni kwa makini

Desturi ni kuanza na mdogo na kumaliza na bingwa. Siipendi. Mdogo anaingia watu bado wanatafuta viti, na anabaki kukumbuka kwamba hakuna aliyemsikiliza.

Wa kwanza awe mtu wa kati, asiye na papara, anayejulikana kwa kutokosea mwanzo. Kazi yake ni kuutuliza ukumbi. Mgeni kabisa mweke wa tatu au wa nne: watu wameshakaa, masikio yamefunguka, na bado hawajachoka. Bingwa wenu mweke wa mwisho kabla ya mapumziko, ili watu wainuke wakimzungumza na warudi wakitaka zaidi.

Usimweke mtoto mara tu baada ya bingwa. Weka mtu wa kati baina yao. Na mzee aliyeanza kujifunza akiwa na miaka 60 apewe heshima ya kufungua nusu ya pili. Wazee wenzake watarudi kutoka kwenye kahawa mapema ili wamwone.

Ukimaliza kupanga kwa uwezo, panga tena kwa kodiani: A, B, A, B, mpaka mwisho. Hii ndiyo sababu ya kuhitaji mbili. Wakati A inalia jukwaani, B inavishwa nyuma.

## Hatua ya 6: Mikanda, kiti na kumvisha mchezaji

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu zile dakika 6 zilikuwa zinapotelea hapa.

Kodiani kubwa ya batani 120 za besi ina uzito wa kilo 10 au zaidi. Kikundi kinapokuwa na mbili au tatu, mkanda wa mabegani unaomfaa mtu mzima mwenye kifua kipana unamfikia mtoto kiunoni. Anayevaa anaanza kutafuta tundu la pingu ya mkanda, jasho linamtoka, watu wanamwangalia, na wimbo unaanza kuharibika kabla haujaanza.

Fanya hivi siku ya mazoezi. Kila mchezaji akae kwenye kiti kilekile cha jukwaani. Vitufe viangukie ndani ya paja la kulia, mivukuto ilale juu ya paja la kushoto. Kaza mikanda miwili ya mabega mpaka kodiani isimame yenyewe kifuani bila kushikwa. Mkanda wa kulia huwa mrefu kidogo kuliko wa kushoto. Kisha funga uzi wa rangi yake kwenye tundu hilo, mikanda yote miwili: Asha nyekundu, Juma buluu, na kadhalika. Andika rangi hizo kwenye ratiba ya mvishaji.

Mkanda wa mkono wa kushoto, ule wa upande wa besi, una kigurudumu kidogo juu cha kukaza na kulegeza. Mvishaji auguse kila mara. Ukiwa umelegea, mkono unachelewa kuvuta na sauti inakatika.

Kuhusu kiti: vile viti vya plastiki vya kukodi, vyenye mikono, ni adui wa kodiani. Mkono wa kiti unagonga upande wa besi kila mivukuto ikifunguliwa, na mchezaji anajipinda bila kujua kwa nini. Leta viti vya mezani kutoka nyumbani.

Jinsi ya kubadilishana:

1. Mchezaji wa A akianza kiitikio cha mwisho, mtunza foleni anamleta wa B nyuma ya pazia, ambako mvishaji anamkalisha na kumvisha.
2. A anamaliza. Anabonyeza kitufe cha hewa, anafunga mivukuto taratibu, anafunga vikanda. Hapo tu ndipo anainuka na kushukuru.
3. Mshereheshaji anazungumza sekunde 40, si zaidi. Anamtaja B na wimbo wake.
4. B anaingia ameshavaa, anakaa kiti cha pili kilichokwishawekwa. A anatoka kwa upande mwingine.
5. Nyuma, mvishaji anaipokea A, anaifuta jasho, anaisimamisha mezani kwa miguu yake. Isilazwe chali.

Tahadhari. Asifunge mtu mivukuto kwa nguvu bila kubonyeza kitufe cha hewa. Pembe huachia, na sauti inayotoka inaharibu makofi.

*Dalili kwamba umefaulu:* sauti ya kwanza ya B inasikika kabla ya dakika 2 tangu A amalize.

## Hatua ya 7: Mazoezi ya kuingia na kutoka

Siku mbili kabla, fanya mazoezi ambayo hakuna anayepiga wimbo mzima. Kila mmoja anavishwa, anaingia, anakaa, anapiga mistari minne ya mwanzo na minne ya mwisho, anafunga, anatoka. Watu 10 wanamaliza ndani ya nusu saa. Rudieni mara ya pili.

Wafundishe mambo mawili. La kwanza, kidole kinaitafuta batani ya Do upande wa besi kwa kupapasa. Batani hiyo huwa na kishimo juu yake, na gizani ndiyo dira ya mkono wa kushoto. La pili, mivukuto iwe imefunguliwa kiasi cha upana wa kiganja kabla ya sauti ya kwanza. Ukianza ikiwa imefungwa kabisa unalazimika kuvuta kwa ghafla, na sauti hutoka kwa kishindo.

Sheria moja kuhusu makosa: hakuna kurudi nyuma. Ukikosea, mkono wa kulia unyamaze, mkono wa kushoto uendelee na besi, subiri mstari unaofuata, ingia. Wafanyishe zoezi hilo makusudi. Mpigie mtu makofi ghafla katikati ya ubeti, mwone atafanya nini.

## Hatua ya 8: Ukumbi na sauti

Ukumbi wa watu 60 hauhitaji maiki kwa kodiani. Inajitosheleza. Wanaohitaji maiki ni mwimbaji na mpiga udi.

Uwanjani au barazani wazi, mwambie fundi mitambo kwamba kodiani inatoa sauti pande mbili. Maiki ya kulia ikae kiasi cha sentimita 25 kutoka kwenye wavu wa vitufe. Ya kushoto ikae mbali zaidi, karibu nusu mita, kwa sababu upande huo unakwenda na kurudi. Wengi huweka moja tu katikati ya mivukuto na kupata upepo mtupu.

Ukumbi ukiwa na kiyoyozi na nje kuna joto la unyevu, usitoe kodiani baridi na kuifungua papo hapo nje. Umande hujikusanya juu ya ndimi na kuleta kutu. Iache ndani ya sanduku nusu saa izoee.

Mwone sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, mapema, siyo siku yenyewe. Yeye atakuelekeza kibali gani kinatakiwa mahali penu na mwisho wa sauti ni saa ngapi.

## Hatua ya 9: Usiku wenyewe

Anza saa uliyosema, hata kama viti nusu ni vitupu. Bashraf ndiyo inayowaita waliosimama nje.

Panga mapema suala la kutunza. Hatuwezi kuwazuia watu kutunza, na wala sipendi wazuiwe, maana ndiyo furaha ya ukumbi. Lakini shangazi akija mbele na noti na kumwekea mpigaji kwenye paji la uso katikati ya wimbo, mwanagenzi anapotea. Weka sahani au kikapu kidogo mbele ya kiti, na mshereheshaji aseme tangu mwanzo kwamba tuzo zinawekwa pale. Acha njia ya kupita upande mmoja, watu waende wakicheza na kurudi. Na kabla ya siku hiyo, mkubaliane tuzo ni za mpigaji, au za kikundi, au zinagawanywa. Nimeona ugomvi wa miezi uliozaliwa na noti ya shilingi elfu kumi.

Umeme ukikatika, msisimame. Kodiani haihitaji umeme. Mtunza foleni awashe taa za chaji, mpigaji aendelee, na mwimbaji asogee mbele aimbe bila maiki. Waambieni wachezaji wote hilo kabla, ili giza lisimshtue mtu.

Sauti ikikwama na kulia yenyewe bila kubonyezwa, mchezaji apige kitufe hicho kwa ncha ya kidole mara mbili au tatu haraka. Mara nyingi kinaruka. Kisiporuka, afunge, na mvishaji amletee kodiani ya pili. Mshereheshaji aseme wazi kwamba chombo kina hitilafu, ili watu wasidhani ni kosa la mpigaji.

## Hatua ya 10: Baada ya watu kuondoka

Kodiani zifutwe jasho na vumbi, vikanda vifungwe, ziingie kwenye masanduku. Hesabu masanduku kabla viti havijabebwa. Asubuhi yafungue mahali penye hewa, kivulini, kwa saa moja, kisha uweke vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Hewa yetu ya chumvi haimsamehe anayefunga sanduku lenye unyevu.

Usizitoe nyuzi za rangi kwenye mikanda. Andika kwenye daftari nani alikuwa rangi gani na tundu la ngapi. Watoto wanakua haraka, kwa hiyo zao pima upya kila usiku mpya.

Mkutanapo tena, sikilizeni rekodi ya simu mara moja, pamoja, na saa mkononi. Kila mtu aandike dakika za kubadilishana tu. Ikiwa mahali popote zilizidi 2, mrudi hatua ya 6 na mvishane tena.

Mtoto yule wa kanzu tulimweka wa tatu, kwenye usiku uliofuata. Uzi wake ulikuwa wa kijani. Alipiga wimbo wa nahawandi, akakosea mstari wa pili, akanyamaza, akaacha besi iende, akaingia kwenye kiitikio pamoja na ukumbi mzima. Ilikuwa saa 3 kasoro dakika chache, na bibi yake alikuwa macho.